Kizuia Mlio cha Fundi Shomvi

Bi Mize alikuwa ameshasema: kuku wake akiruka tena kutoka kwenye mayai kwa mlio wa bunduki, bunduki itahama nyumba hii.

Mumewe, Fundi Shomvi, hakubisha. Kunguru walikuwa wakimaliza vifaranga, lakini kila alipowafyatulia, kuku anayeatamia alitimua mbio, mayai yakapoa. Ndipo akaomba polisi kibali cha kujitengenezea kizuia mlio cha bunduki, na kilipotoka akashinda kwenye mashine ya kukerezea chuma huku mkewe akimsuta.

"Vya dukani vipo tele. Nunua kama wenzako!"

"Cha dukani kikiharibika nitamuuliza nani? Hiki nikikosea, najua nilipokosea."

Leo afande aliyekuja kukikagua alikikuta sawa na kibali, akakaa kando na kikombe cha chai. Shomvi akakifunga kwenye bunduki yake ndogo, akalenga kopo tupu juu ya kichuguu nyuma ya banda. Bi Mize, ameketi juu ya mbuzi ya nazi akiwapa mgongo, akakaza mabega kuungoja mlio.

Bunduki ikatoa sauti kama ya mtu anayetema kokwa. Kopo likaangukia nyasi.

"Si upige basi!" Bi Mize akafoka. "Shingo inakufa ganzi!"

Afande akapaliwa na chai. Shomvi akaliokota kopo, akaliweka mapajani mwa mkewe, tundu la risasi likiwa juu. Bi Mize akalitazama, akamtazama kuku aliyesinzia palepale juu ya mayai. Kicheko kikamjaa, ila akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha wote.

Chini ya kuku, kitu kilikuwa kikigonga ganda.