Mengineyo, Tupa

Kwa mara ya sita aliendesha kichujio cha majina, na kwa mara ya sita kompyuta ikamjibu kwa mabano mawili matupu.

Kingo za mto zilianza kumeguka alfajiri. Gari la kituo cha maafa likampitia nyumbani, kwa kuwa yeye ndiye mwandishi wa programu aliyeijua orodha ya waathirika. Aliondoka mbiombio, hata simu akaisahau kitandani. Mdogo wake alikuwa amelala chumba cha pili, naye hakumwamsha. Dereva alimhakikishia kwamba mtaa wao uko juu, maji hayatafika.

Saa tatu asubuhi yalifika. Tangu hapo, kila alipoazima simu na kumpigia mdogo wake, hakupatikana.

Kila mtu kwenye orodha ile aliingizwa kwa aina yake. Aina ya Ameokolewa ilibeba namba ya kambi, Amelazwa ilibeba wodi, Amefariki ilibeba namba ya mfuko wa maiti. Kichujio kilitazama aina kwanza, ndipo jina. Mstari wake wa mwisho ulisema: mengineyo, tupa.

Alianza na waliookolewa. Patupu. Waliolazwa, patupu. Kwa aina ya tatu alisimama, akaenda kunywa maji, akarudi, akabonyeza huku amefumba macho. Alipoyafumbua, patupu.

Hakujua ashukuru au alie. Asiye kambini, asiye wodini, asiye hata na mfuko, yuko wapi kama si chini ya matope?

Mkuu wa kituo alimsihi aende nyumbani akapumzike. Naye akamuuliza nyumbani gani.

Alirudi mezani. Dakika moja tu ingetosha kumgongea mlango yule mtoto. Mtoto! Ana miaka ishirini na mitatu, lakini mama yao alipokuwa anakata roho alimshika mkono yeye aliye mkubwa akamwambia, "Huyu ni wako." Na leo huyu wake amempoteza.

Mwenzake wa meza ya jirani, ambaye ofisi nzima ilimwita Kobe kwa jinsi asivyojua haraka, alivuta kiti. Akaisoma programu mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Hii umeiandika lini, dada?"

"Asubuhi."

"Saa sita mchana niliongeza aina ya nne. Hapa unaitupa."

Hakuuliza ni aina gani. Baada ya waliookolewa, waliolazwa na waliofariki, aliona imebaki moja tu: waliokatiwa tamaa. Kobe alitaka kumweleza, yeye akamwinulia kiganja anyamaze. Alitaka kuona mwenyewe.

Akafuta mstari wa mwisho, akaandika upya kichujio kikamate aina ya nne peke yake. Alikosea herufi mara mbili. Akabonyeza.

Safari hii mabano yalibeba mtu mmoja. Lilikuwa jina la mdogo wake, herufi kwa herufi, na mbele yake neno Mtafutaji.

Mahali alipo: getini pa kituo, tangu saa saba mchana.

Anayetafutwa: dada yake mkubwa. Alidhani amemwacha nyumbani amelala.