Gauni la Kwandu na Mto Wake

Tangu pamba ianze kutunza sauti ya aliyeichuma, huku Maswa bibi harusi havai gauni kabla halijabonyezwa likasema. Likilalamika, harusi inaahirishwa.

Gauni la Kwandu lilinunuliwa mjini kwa bei rahisi mno, na mama yake, Holo, alishindwa hata kunywa chai kwa hofu ya litakalosema. Shangazi Nkwimba alishika pindo.

"Taratibu, shangazi, utalichana."

"Nyamaza, mwali. Si wewe uliyechagua gauni la bei ya vitumbua?"

Akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke mchangamfu: "Nimechuma shambani kwangu, na nimelipwa vizuri. Atakayevaa na afurahi."

Vigelegele vikalipuka. Holo aliketi sakafuni akicheka, machozi yanamtoka.

Kwa furaha hiyo shangazi naye akajitupa kitandani, akaegemea mto ambao Holo alimshonea binti yake aende nao kwa mume. Ulijaa pamba ya shamba lao, aliyoihifadhi tangu Kwandu akiwa mdogo. Hakuna aliyefikiria kuusikiliza, maana ilikuwa pamba ya nyumbani.

Mto ukasema kwa sauti ya kitoto: "Mama, vidole vinauma. Leo tena siendi shule?"

Kwandu aliitambua: ilikuwa sauti yake mwenyewe ya utotoni.

"Gauni ni zima," alisema, akitabasamu. "Mama, njoo unifunge zipu."

Holo akafunga, akiomba moyoni mto ule usahaulike. Kwandu akauchukua, akauweka juu ya sanduku lake.

"Huu nitaulalia mwenyewe," alisema.