Ramani za Bawa Moja

Bi Tabia aliinyoosha ramani ya mwisho mezani, akasonya. Ramani zote za marehemu mumewe zilikuwa na doa la mafuta mahali palepale, juu ya bawa la ndege. Shomari, fundi wa kuchonga vindege vya mbao, eropleni za watoto kuchezea, mtu asiyegusa karatasi bila kunawa!

"Na mbona zote zina bawa moja tu, la kulia?" aliuliza binti yake Salha, aliyekuwa akizitia kwenye mifuko ya nailoni zisiliwe na mende.

"Hata mimi sielewi, mwanangu. Nimepekua mpaka uvunguni, nusu ya pili sijaiona."

Akachota unga wa sembe, akalisugua lile doa hadi likaanza kufifia. Salha akaiinua karatasi dirishani, upande wa nyuma wa karatasi ukamwelekea mama.

Palipolowa mafuta, mistari ilikuwa imepenya hadi nyuma. Bawa la kushoto lilikuwa pale, tayari kufuatishwa kwa penseli. Ncha yake tu, pale Bi Tabia aliposugua kwa unga, ndiyo iliyopotea.

Bi Tabia alitazama unga vidoleni mwake, kisha rafuni, kwenye ndege ya mwisho ya Shomari, iliyolala ubavu kwa kukosa bawa.

"Salha," akasema taratibu, "jikoni mafuta yamebaki?"