Picha ya Kichwa cha Talitha

Isaïe alikwangua jina la panzi kwenye kona ya picha kwa wembe, taratibu, mpaka herufi ya mwisho ikatoka. Kisha akachukua kalamu ya wino mweusi na kuandika jina la mkewe: Talitha Ndaya.

Tangu vita vifike upande wa Malemba-Nkulu, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Mwalimu wa biolojia aliyewahi kumfukuza mtoto darasani kwa kunakili jibu moja, sasa alikuwa anapuliza wino wa uongo ukauke, na alichowaza ni kwamba wino umebaki kidogo.

Picha yenyewe ilitoka Ulaya. Kabla ya vita, wataalamu wa chuo kimoja kule walimwomba awatumie panzi wakubwa wa Kamina ndani ya chupa za pombe kali. Waliwaingiza kwenye mashine ya sumaku, ile inayopiga picha ya ndani ya kichwa bila kupasua, ili wachunguze ubongo wao. Majirani walimcheka: "Benzako banakaanga, weye unatuma Ulaya." Ahsante yake ilikuwa filamu kumi na moja, ubongo wa panzi umekuzwa hadi ukalingana na wa mtu. Alizitumia kufundishia.

Talitha naye alihitaji mashine kama hiyo, lakini hakukuwa na hata moja ya kufikika. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu mwaka juzi, na sasa jicho la kushoto lilikuwa limezimika. Muuguzi wa hospitali, aliyeitwa Mwanza, hakumficha Isaïe: kuna kitu kinaota ndani. Kule kusini wanapasua na mtu anapona. Akibaki hapa, hataiona mvua ijayo.

Ijumaa hiyo ndege ya wagonjwa ingeruka kutoka kambi ya jeshi kwenda huko kusini, na raia walipewa nafasi moja. Lakini wazima wengi walikuwa wamejifanya wagonjwa ili kukimbia vita, kwa hiyo ikatoka amri: asiye na picha ya ugonjwa wake asije.

Mfa maji haachi kutapatapa. Kati ya filamu zile Isaïe alichagua iliyotisha kuliko zote. Koo la panzi hupita katikati ya ubongo wake, na hapo lilionekana kama shimo jeusi, pana kama kifuniko cha chupa. Kwa panzi ni jambo la kawaida. Kwa binadamu, shimo la namna hiyo lingemtoa machozi daktari yeyote.

Alfajiri alimpakia Talitha kwenye baiskeli, akaanza kuisukuma katika mchanga wa barabara ya kambini.

"Papa Léa," Talitha akasema, macho ameyafumba. "Bakiniuliza picha ilipigwa wapi?"

"Utanyamaza. Minyi njo nitajibu."

"Weye hauna woga?"

Isaïe aliutafuta woga ndani yake, asiupate. "Hapana."

"Minyi niko nao. Sitaki kufa, Papa Léa. Mutoto yetu Léa iko angali mudogo."

Isaïe akaendelea kusukuma.

Kambini, kwenye benchi la kusubiri, walimkuta mgonjwa mwingine mmoja tu: Kabange, mkulima wa Kaniama, paja limevunjika, picha yake ameilaza magotini. Isaïe alimsalimia vizuri. Alijua kwamba Talitha akipata nafasi, Kabange ataikosa, na mguu ule utaoza. Hata hilo halikumuuma, na kwa kutoumwa kwake akajionea aibu kidogo.

Daktari wa kambi alikuwa Meja Likoke, mtu mrefu ambaye hata vitani suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi. Miaka miwili hii kazi yake ilikuwa kukata miguu na mikono. Chumbani mwake, nyuma yake walisimama askari wawili, na karani alikuwa mezani na orodha yake. Wote walimtazama meja jinsi waumini wanavyomtazama mchungaji.

"Hii njo picha ya kichwa ya mama?"

"Ndiyo, Dokta. Ilipigwa Afrika ya Kusini, mbele barabara ifungwe. Karatasi ya maelezo ilipotea mu vita."

Likoke aliinua filamu kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza juu chini, akaitazama tena, akairudisha ilivyokuwa mwanzo. Katika chumba kile Isaïe peke yake ndiye aliyejua upande wa juu ni upi, na hakuthubutu kusema.

"Inatoka mu mashine ya sumaku?"

"Ndiyo, Dokta."

"Minazijua hizi," meja akasema upesi, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Minazijua muzuri."

Karani aliinua kalamu. Talitha alimshika mumewe kidole kimoja, akakibana. Hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, Isaïe alisikia moyo wake unapiga, na ulikuwa unapiga kwa tumaini. Shimo lilikuwa pale pale katikati, jeusi, hata wale askari walikuwa wanaliona.

Meja alitikisa kichwa polepole mara mbili tatu. Akaishusha filamu, akaifuta vumbi, akamrudishia Isaïe kwa mikono miwili, huku anatabasamu.

"Shukuru Mungu, Mwalimu," akasema. "Kichwa ya mama iko muzima kabisa. Umurudishe ku nyumba."