Kidole cha Nesi

Kwenye kipimo cha usikivu, sikio la kulia lilipita bila wasiwasi. Nesi akahamishia mlio kushoto, na rubani akasikia kimya kitupu.

Hakubabaika. Kupitia kioo cha kichumba alimofungiwa kupimwa alikitazama kidole cha nesi. Kila kilipogusa mashine, naye alibonyeza kitufe chake.

Wenzake walimwita Pangaboi, maana alizeekea kwenye ndege ndogo za mikoani. Kampuni kubwa ilitaka marubani walioruka miaka mingi. Yeye aliruka, tena na makelele ya pangaboi la injini ubavuni, mpaka yakamla sikio.

"Mchumia juani hulia kivulini, mume wangu," mkewe alimwambia asubuhi, akimnyooshea tai. "Leo ni zamu yako."

Mlango ukafunguliwa. Nesi akamwinulia hedifoni upande wa kulia.

"Unaendelea vizuri, kaka. Ila kuna wanaoniangalia mkono. Sisemi wewe, lakini ndio utaratibu."

Akarudi kwenye mashine, akageuza kiti, akampa mgongo.

Pangaboi akaukodolea macho mgongo ule, kidole gumba kikiteleza kwa jasho juu ya kitufe. Labda mlio ulikuwa umeanza. Labda ulikuwa umeshakwisha.

Akabonyeza.

Nesi akageuka, kidole chake kikiwa bado hakijagusa mashine.