Masikio ya Leander Siku ya Kiapo

Uvumi niliupata kanisani, ukagoma kunitoka kichwani. Eti mwanangu Leander, wakili aliyechaguliwa kuwa jaji, alivuka Mto Ohio hadi jimbo jirani kupigana kwa bastola na mhariri wa gazeti aliyemwita mwoga. Na kweli alirudi nyumbani mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Niliogopa kumuuliza.

Hapa Kentucky jaji huapa mbele ya watu kwamba hajawahi kupigana pambano la bastola. Akikiri, cheo hana. Akidanganya, amemdanganya Mungu.

Siku ya kiapo ikafika, karani wa mahakama akamsogezea Biblia. "Inua mkono, Leander."

"Ule wenye risasi!" mtu akapaza sauti huko nyuma. Watu wakaangua kicheko.

Mimi sikuutazama mkono. Nilitazama masikio. Tangu utotoni, akisema uongo masikio yake huwa mekundu kama nyanya iliyoiva.

Alisema kiapo chote bila kuruka neno. "Sijapigana, wala sijamwita mtu tupigane."

Masikio yalibaki meupe kama unga.

Nilijitupa kitini, pumzi ya wiki nzima ikanitoka.

Mlangoni nikamvuta koti. "Sasa mkono umefanya nini, wewe?"

"Farasi wako, Mama. Yule uliyeniapia hang'ati."

Kina mama wenye wana wanasheria, epukeni haya:

Habari za kanisani.

Kukaa na hofu wiki nzima wakati mtoto yupo mezani na unaweza kumuuliza.

Magazeti, msimu wa uchaguzi.

Na yule farasi wangu wa kijivu. Namuuza Jumamosi.