Nusu Iliyopotea

Mlinzi alichokora mabaki ya supu kwa vijiti, akageuza kila jani la kabichi, kisha akatangaza kwamba leo hata mifupa haikuwa na siri. Walimu walicheka kwa uchovu. Tangu wafungiwe katika hoteli hiyo ya milimani kutunga mtihani wa taifa, simu zao zilikuwa zimechukuliwa, madirisha yamezibwa, na hakuna hata ganda la yai lililotoka nje bila kupekuliwa.

Pyo Sang-cheol hakucheka. Alikuwa akimtazama Tak Yeon-hui, mtunzi mwenzake wa fizikia, aliyeketi pembeni akifuma vifuniko vya sufu vya magoti.

Asubuhi hiyo walikuwa wamebishana juu ya swali moja. Behewa linakwenda, linaligonga jingine lenye uzito sawa lililosimama, yananasana na kuendelea pamoja: kwa kasi gani? Momenta, yaani uzito mara kasi, haipotei, kwa hiyo kasi hubaki nusu, na nusu ya nishati mwendo huishia kwenye joto na kishindo. Lakini mwanafunzi anayeamini kwamba nishati nayo hubaki ile ile hupata jibu jingine, na desturi ya watunzi ni kulipanga kosa hilo miongoni mwa majibu matano, limnase. Yeon-hui alikataa kulipanga. Alisema mtego huo ulikuwa mchungu mno.

Sang-cheol aliamini kwamba anaijua sababu. Alikuwa amemsikia akimtaja mtahiniwa wa nyumbani kwake, anayeililia nishati ile kama aliyeibiwa, asiyekubali kwenda kulala kwa madai kwamba muda aliokwisha kupoteza ni mwingi. Na kanuni ilikuwa wazi: mwenye mtoto anayefanya mtihani haruhusiwi kuutunga. Ikigundulika, mtihani wa nchi nzima ungefutwa, na aliyejua akanyamaza angeshtakiwa pamoja na mkosaji.

Baada ya chakula alimfuata kwenye korido.

"Dada, niambie kabla sijaulizwa mimi. Una mtoto anayefanya mtihani?"

"Sina mtoto, Sang-cheol. Sikujaliwa."

"Na huyo anayelilia nishati?"

Yeon-hui aliziangalia sindano zake za kufumia. "Unataka nifanye nini?"

"Uweke mtego."

Aliuweka kwa mkono wake mwenyewe, ukawa jibu la tatu. Tangu siku hiyo sahani yake ilirudi karibu kama ilivyokuja, na mlinzi akamtania kwamba mwalimu amemwongezea kazi, sasa anapekua wali mzima.

Sang-cheol naye hakupata amani. Yeon-hui ndiye aliyemfundisha kutunga, tangu alipokuwa hajui hata kupanga majibu. Akaamua moyoni kwamba wakitoka atakwenda kumwona mtoto huyo kwa macho yake, na akimwona, kesho yake atamripoti.

Waliachiliwa siku ya mtihani, karatasi ya mwisho ilipokuwa ikifanywa. Teksi ya Yeon-hui ilitangulia, yake ikafuata, hadi kwenye lango la shule moja mjini. Akina mama walikuwa wamejazana hapo katika baridi. Nguzo za lango zilikuwa zimebandikwa peremende zinazonata, ili watoto wao nao wanate vyuoni. Yeon-hui alisimama katikati yao.

Lango likafunguliwa. Vijana walimiminika, kila mmoja akadakwa na mama yake. Sang-cheol alimkagua kila aliyepita, akitafuta pua ya Yeon-hui, paji la uso la Yeon-hui. Wakapungua, wakaisha. Teksi zikaanza kuondoka. Yeon-hui bado alikuwa amesimama, peke yake, mikono mitupu.

Ndipo akatoka wa mwisho, akishuka ngazi upande upande, mkono kwenye chuma, nywele nyeupe pe. Yeon-hui alimkimbilia, akampokea mkoba, akatoa vile vifuniko vya sufu, akapiga magoti kwenye lami na kumvisha.

"Mama," alisema bila kuinua uso, "lile la mabehewa?"

"Nusu ilipotea, mwanangu," alijibu bikizee. "Safari hii sikuitafuta."